Kofia ya Kibanda cha Ngoma

Vumbi likiungua juu ya kitu cha umeme lina harufu yake, na mimi nikiisikia hata leo vidole vinaanza kutafuta pedi ya gemu. Ni harufu ya sebule yetu ya Tunduma, likizo ile jirani yetu Mama Hamadi alipokwenda harusini Tanga na familia yake, akatuachia mashine ya gemu ya mwanawe tuilinde na wezi. Niliilinda vizuri sana. Wenzangu walikuwa nje wakishangaa malori ya kwenda Zambia, na mama kila akipita na ndoo aliniuliza kama mayai niliyoyaatamia pale mkekani yamekaribia kutotoa.

Gemu lilikuwa la kitoto kinachorudi kwao, na karibu na mwisho jitu limekaa darajani. Maandishi ya gemu lenyewe sijui yalikuwa ya Kichina au ya wapi. Kando ya njia kulikuwa na kibanda. Ukiingia, ngoma zinalia, nawe uzipige kwa mpangilio uleule. Ukikosea, unatupwa dimbwini. Nyuma ya kioo, kofia nyekundu.

Binamu yangu Mwenya, aliyekuja likizo kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alitamka kama hakimu: "Bila kofia hiyo, jitu huliwezi. Kwetu watoto wote wanajua."

Na sisi wa Tunduma, kitu kikitoka ng'ambo, iwe sabuni au uongo, tulikiamini. Nikaogelea dimbwini likizo nzima, jitu sijaligusa. Ikafika siku ya Mama Hamadi kurudi, basi liko njiani, na kitoto bado hakijafika kwao. Mama alisimama mlangoni akitazama, kisha akauliza kwa nini huyo mtoto wa watu asivuke tu. Nikamweleza habari za kofia.

"Nani kakwambia? Huyu Mwenya anayekimbia bata?"

Nikaenda kichwa wazi. Jitu likanirusha weee, mwisho likateleza lenyewe na kutumbukia kama gunia la mahindi. Kitoto kikavuka, mlango wa kwao ukafunguliwa. Nilishusha pumzi mpaka Mwenya akasogea.

Basi lilichelewa, nikarudi kibandani mabega yamelegea. Safari hii nilizisikiliza ngoma, na kioo kikafunguka. Kofia ikashuka hadi machoni, kitoto kikaanza kugonga miti. Haikuwa na nguvu yoyote. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Siku hizi nasikia vijana wakilalamika kwamba vyumba vya siri vya magemu ni vigumu mno, vilegezwe. Mimi nasema viachwe, hata viongezwe ugumu, ili mradi zawadi yake iwe upuuzi kama kofia ile. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba aliyelitengeneza gemu lile alikuwa na huruma. Kofia ingekuwa na nguvu, ningebaki dimbwini mpaka Mama Hamadi apige hodi. Lakini zile ngoma nilizipiga kwa kuzipenda tu, na hata ningeshindwa, kitoto kilikuwa kwao tayari, kimekaa, kinakula.