Sura ya Wakwepa Kodi

Mama Mabeseni alikuwa mtu maarufu, na umaarufu wenyewe hakuutaka hata chembe. Kila taarifa ya habari ilipogusa wakwepa kodi, aliyetokea ni yeye. Msomaji wa habari anataja mabilioni yaliyofichwa ng'ambo, kampuni za visiwani, mawakili na nini na nini, halafu kwenye televisheni anatokea nani? Mama wa watu, muuza mabeseni na ndoo za plastiki, mdomo wazi, ndoo nyekundu ameiinua usawa wa macho kama anayejificha. Jamani! Visiwa vyenyewe hajui viko upande gani wa dunia.

Mambo yalianza hivi. Miaka ya nyuma watu wa kodi waliingia sokoni, kamera nyuma yao, wakawa wanafunga vibanda vya wasiolipa kwa makufuli. Kibanda cha Mama Mabeseni kilifungwa kwa makosa. Waliyemtafuta ni jirani yake, na huyo alikuwa ameshahama kitambo. Mama Mabeseni ndiyo kwanza alikuwa anatundika ndoo zake, jua likampiga usoni, akajikinga kwa ile aliyokuwa nayo mkononi huku akipiga kelele, "Mimi nimelipa! Hebu angalieni vizuri!" Na kweli wakaangalia vizuri. Wakafungua kufuli, wakamwomba radhi, mmoja wao akanunua na kopo la kuogea. Ila kamera ilikuwa imeshapanda gari na kwenda zake. Picha ikabaki, maneno yake yakakatwa, na ile radhi hakuna aliyeirekodi.

Mwanzoni alicheka, maana ni mtu wa mizaha tangu utoto. Wateja wakimwambia, "Bilionea, tupunguzie bei," yeye huwajibu, "Nipunguze wapi, na ndege yangu inataka mafuta?" Utani ukawa utani hadi siku aliyokwenda kwa muuzaji wa jumla kuchukua mzigo wa mali kauli. Mali kauli ni mzigo unaopewa kwa neno lako tu: chukua, uza, kisha ulete. Biashara yake yote ilisimama hapo, kwa sababu mtaji mwingine hakuwa nao. Muuzaji, mzee mpole aliyemfahamu tangu hajaolewa, alijikuna kichwa.

"Mwanangu, mimi nakujua. Lakini wenzangu tunaoshirikiana nao wamekuona jana kwenye habari. Wanasema, anayeiibia serikali nzima, sisi atatuacha?"

"Baba, habari ya jana ilikuwa ya yule tajiri wa magodoro!"

"Niliisikia. Lakini niliyemwona ni wewe."

Alirudi nyumbani mikono mitupu. Mumewe, dereva wa lori la mchanga, alimhurumia, ila ushauri wake ulikuwa wa woga. "Mke wangu, mwenye nguvu mpishe. Itasahaulika hiyo."

"Itasahaulikaje na wanairudia kila leo? Nimepisha mpaka mgongo umegusa ukuta. Kesho nakwenda hukohuko kwao."

"Atakusikiliza nani?"

"Liwalo na liwe. Sura ni yangu, sikuiokota."

Asubuhi alivaa gauni lake la kutokea akaenda. Mapokezini pa kituo cha televisheni palikuwa baridi utadhani ndani ya friji, viti vyeupe ambavyo mtu anaogopa kuvikalia. Msichana wa mapokezi alimtazama, akamtazama tena. "Samahani, mama, mbona kama nakufahamu?"

"Unanifahamu sana. Mimi ndiye mkwepa kodi wenu."

Msichana aliguna, akapiga simu, na baada ya kusubirishwa weee, Mama Mabeseni akapelekwa chumba cha mtunza picha. Huyu alikuwa mwanamume wa makamo, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, meza imejaa vikombe vya chai iliyopoa. Hakuwa mtu mbaya. Namsema kwa haki. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaandika neno "kodi" kwenye kompyuta, na wa kwanza kutokea akawa Mama Mabeseni na ndoo yake.

"Unaona?" akasema kwa aibu. "Habari inaletwa saa moja kasoro, haina picha. Kukwepa kodi kwa kitajiri hakuonekani, mama. Ni karatasi zinahama kutoka ofisi hadi ofisi. Sasa mhariri anataka kitu cha kuonyesha. Mimi naandika kodi, unakuja wewe."

"Kwani huyo wa magodoro hana picha?"

"Anazo kibao. Anakata utepe, anagawa magodoro hospitalini, anapanda miti."

"Basi si muweke hiyo ya utepe!"

"Hiyo iko kwenye faili la maendeleo."

Mama Mabeseni alicheka bila kutaka, kicheko kikaishia katikati. "Hebu nieleweshe. Huyu bwana anakwepaje?"

Mtunza picha akashusha sauti. "Magodoro anayauza hapahapa. Ila jina la godoro ni mali ya kampuni yake nyingine, iko kisiwani huko, kodi hakuna. Basi kampuni ya hapa inailipa ile ya kule kwa kutumia jina. Faida yote inahamia huko. Hapa vitabu vinasema amepata hasara."

"Yaani anajilipa mwenyewe kwa kutumia jina lake mwenyewe?"

"Ndiyo hivyo. Watu wa kodi wanasema ni ujanja, mawakili wake wanasema ni sheria. Tukiweka sura yake pale, kesho yake tunaletewa kesi. Na ile hali ya hewa baada ya habari, anayeidhamini ni yeye."

"Na mimi sina wakili, wala sidhamini mvua."

Mtunza picha akashusha miwani machoni. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu penyewe palikuwa pamekaa mbele yake, mkoba mapajani. Mwishowe akasema, "Naweza kukuwekea ukungu usoni, usitambulike."

Hapo ndipo alipomchokoza mama wa watu. "Ukungu? Wanaofichwa sura ni wezi na waliobaka watoto! Leo nionekane mkwepa kodi, kesho nionekane jambazi? Mimi sitaki kufichwa. Nataka kutolewa."

"Kutoa ni mpaka mhariri mkuu."

"Yuko wapi?"

"Ana kikao."

Mhariri mkuu alikuwa na kikao siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa. Mama Mabeseni akaona isiwe tabu. Kukaa bure hawezi, watoto wanataka kula. Akachukua mabeseni yaliyosalia kibandani, akayapanga nje ya lango la kituo. Mlinzi akaja juu. Yeye akasogea hatua mbili hadi ukingoni mwa barabara. "Hapa je, ni kwenu pia?" Mlinzi akarudi langoni kwake. Jioni ya siku hiyo mlinzi yuleyule akanunua beseni la kufulia.

Kila aliyeingia alikaribishwa kwa maneno yaleyale: "Karibu ndoo, karibu beseni. Mimi ndiye mkwepa kodi wa taarifa ya habari." Wengine walicheka, wengine wakainamisha vichwa. Msomaji wa habari mwenyewe, dada mmoja mrembo kuliko anavyoonekana kwenye televisheni, alisimama akiwa ameduwaa. Miaka yote alikuwa akisoma ile habari macho yake kwenye maandishi. Picha hakuwahi kuiangalia. "Kumbe ni wewe!" akasema. "Mimi nilidhani ni mke wa tajiri." Akamwomba radhi, na radhi yake ilikuwa ya kweli, lakini radhi haifuti picha.

Kilichofuta picha ni ujasiri. Siku moja alikuja mkubwa wa kodi, ameitwa kuhojiwa kuhusu magodoro yaleyale. Meneja wa kituo alitoka hadi langoni kumpokea, tabasamu sikio hadi sikio. Kabla hawajashikana mikono, Mama Mabeseni akawa katikati yao.

"Shikamoo, mkubwa. Naomba swali moja tu. Mnanidai?"

Mkubwa wa kodi akashangaa. "Wewe ni nani, mama?"

"Unaniuliza mimi? Muulize huyu bwana, amenitangaza nchi nzima." Akataja jina lake kamili na namba yake ya mlipakodi, anayoijua kwa kichwa kama jina la mwanawe. Mkubwa akawa muungwana, akapiga simu palepale, akasikiliza, akaitikia, akakata.

"Hudaiwi kitu, mama. Na hujawahi kudaiwa."

Meneja akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua. Mhariri mkuu naye, ambaye vikao vyake vilikuwa havina mwisho, akapatikana mara moja. Mchana huohuo Mama Mabeseni alisimama nyuma ya mtunza picha, mikono kiunoni. "Bonyeza nikiona," akasema. Akabonyeza. Ndoo nyekundu ikatoweka. Mama Mabeseni alitoka pale akitembea kwa raha, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaimba njiani bila kujali watu. Mzee wa jumla aliposikia kauli ya mkubwa wa kodi, akampa mzigo mkubwa kuliko alioomba.

Hazikupita wiki mbili, yule wa magodoro akatajwa tena kwenye habari. Nyumba nzima ilikusanyika kutazama. Mume alikuwa ameketi mbele kabisa, watoto sakafuni. Msomaji wa habari akaanza: mabilioni, visiwa, mawakili. Picha ikaja.

Hakuwa yeye. Alikuwa mwanamke mwingine, mwembamba, muuza vitunguu wa soko lisilojulikana, ameinamia mizani yake huku afisa amesimama karibu naye. Alikuwa akifumba macho, labda kwa ukali wa vitunguu.

"Umetolewa, Mama!" watoto wakashangilia. Mume akapiga kofi pajani. "Nilikuwa nakuambia usiende, kumbe mke wangu ni simba! Haya, yamekwisha."

Mama Mabeseni alikuwa bado anamwangalia yule mwanamke, hata alipokuwa ameshaondoka kwenye kioo na tangazo la magodoro limeanza. Alijisikia vibaya, vibaya kweli, kama mtu aliyesukuma mzigo wake ukamwangukia mwenzake.

"Yamekwisha kwa nani?" akauliza.

"Mke wangu, tafadhali. Wewe umeshatoka. Una kibanda, una mzigo wa watu. Hayo mengine si yetu."

"Hivyohivyo ndivyo walivyosema watu wote kuhusu mimi," akajibu, akaenda kutafuta gauni lake la kutokea.

Asubuhi mlinzi alimfungulia lango bila kuulizwa. Msichana wa mapokezi akasimama, macho yamemtoka. "Mama, si picha yako ilifutwa? Mtunza picha aliniambia mwenyewe."

"Imefutwa. Nashukuru. Nimekuja kwa ajili ya yule wa vitunguu. Na safari hii sitaki mwingine awekwe, nataka awekwe mwenyewe wa magodoro. Utepe wake upo."

"Yule mama wa vitunguu ni ndugu yako?"

"Hata jina lake silijui," akasema Mama Mabeseni, akavuta kiti kimoja cheupe, akakaa. "Mwite bosi wako."