Mji wa Amani na Maji ya Kinywani

Kwa miaka mingi nilifundisha Maandiko jioni za Jumatano katika kanisa letu hapa Makole. Nilikuwa mzee wa kanisa mwenye elimu ya sekondari na sauti kubwa. Somo nililolipenda kuliko yote ni jina la Yerusalemu. Nilieleza kwamba wengi hulifasiri kuwa msingi wa amani, na kwamba Salemu ya yule mfalme aliyembariki Abrahamu husemwa kuwa mji huohuo. Kisha niliuliza: mbona mji wenye jina hilo umezingirwa, umechomwa na kuliliwa kiasi kile? Nami nilijijibu kwamba amani ya jina lile si ya mawe yale, ni ya mji utakaoshuka kutoka mbinguni.

Mke wangu alisema jibu hilo ni la mtu asiyefagia uwanja wake kwa kuwa anatarajia kuhama.

"Sisi Wagogo tungeuita mji huo kwa kilichotokea," aliniambia. "Mtoto wa njaa huitwa njaa, wa mvua huitwa mvua. Huo wako tungeuita Vita."

"Bahati nzuri Mungu si Mgogo."

"Bahati yako wewe. Angekuita nani?"

Mtoto wetu wa kiume alipooa binti wa Kirangi kutoka Kondoa na kusilimu, nilimwambia mbele ya jamaa kwamba nikifa asiguse jembe kaburini kwangu. Kwetu, neno kama hilo la baba halifutwi kwa kuomba radhi tu. Baba huchota maji ya mtungi wa nyumbani kwake, huyatia kinywani na kumpulizia mtoto kifuani, mama akishuhudia. Mimi nilikuwa nimelipiga vita jambo hilo kanisani. Niliita upagani.

Mwaka huu mke wangu alianza kushindwa kumeza hata uji. Hospitali walipotuambia turudi naye nyumbani, aliomba jambo moja: ayaone maji yale kabla hajafa. Nikakubali. Mwanangu, ambaye ana karakana ya kuchomelea mageti kule Kizota, akaja. Alipiga magoti kando ya kitanda, akafungua vifungo vya shati. Shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, akanipa kata ya maji.

Nikaiweka chini, nikafungua Biblia.

Nilidhani nimepata njia iliyo bora. Nilimweleza mwanangu maana ya jina la Yerusalemu, na kwamba amani inayotoka juu haihitaji maji ya mtungi. Nikaomba sala ndefu. Nilipofumbua macho, alikuwa anafunga vifungo.

"Mji huo hata sisi tunao, baba," alisema. "Tunauita Baitul Mukadasi, nyumba takatifu. Lakini sikuja kusoma."

Akaushika mkono wa mama yake, akaondoka. Tangu hapo mke wangu hakufungua tena mdomo, hata kwa kijiko cha maji. Shemeji akaniambia, "Kazi ya pumzi moja, umemtuma Mungu akufanyie."

Asubuhi moja pumzi ya mke wangu ilianza kukoroma. Nikapanda bajaji mpaka Kizota. Vijana wa karakana walizima mashine ya kukatia vyuma waliponiona.

"Mzee wa Yerusalemu huyo," mmoja alisema, wala hakunong'ona.

"Shikamoo, mzee," mwanangu alisema. Hakusema baba. "Leo tunasoma mji gani? Yeriko?"

Wakacheka. Nilistahili.

"Twende nyumbani. Nitayatia maji kinywani."

"Na kanisa lako?"

"Nitawaambia mwenyewe. Twende, mwanangu, mama yako hana muda."

Alivua glavu, akaingia kwenye bajaji. Vumbi la barabara inayochimbwa lilitupiga usoni. Nilifikiria mlango wa Injili nilioufundisha mara nyingi, Bwana anapouona mji ule na kuulilia. Nilikuwa nikisema aliulilia kwa dhambi zake. Lakini maana ya jina la mji wao watu wale waliijua, hata watoto. Saa ya kutembelewa ndiyo hawakuitambua. Nilikaa mbele ya mstari huo nusu ya maisha yangu, nikiwaeleza wengine.

Tulipokaribia Majengo simu ya mwanangu iliita. Alisikiliza, akasema "Ndiyo, mama mdogo," akamgusa dereva begani.

"Punguza mwendo, kaka. Hatuna haraka tena."

Nikaelewa. Nikamwambia dereva asimame, nikamwomba chupa yake ya maji. Mwanangu alinitazama, kisha akafungua kifungo cha juu cha shati, pale pale kando ya magunia ya alizeti, watu wakipita. Nikayatia maji kinywani. Sikuweza kuyapuliza. Yalitoka yenyewe, yakanitiririka kidevuni hadi kwenye shati langu, naye akanifuta kwa kiganja chake cheusi.

Tulimzika mama yake pamoja, na jembe alilishika. Lakini hilo halikuwa kaburi nililomkataza. Nimewauliza wazee wa kwetu kama maji ya siku ile yanahesabika. Wanasema mama hakuwapo.