Gongo Lenye Twiga Mgongoni

Enzi zetu, mtu aliyeamini kwamba hutaweza jambo alikuambia usoni, mbele ya watu, nawe ukaenda kulala na maneno yake. "Kioko," Gitau, nahodha wetu wa kriketi, aliniambia mbele ya kibanda cha mama yake pale mtaani Mbotela, "wewe hata tukikupa beseni badala ya gongo, mpira hutaugusa." Wenzangu wakacheka hadi wakashikana mabega. Mama yake, aliyekuwa akigeuza mandazi, naye akaongeza kuni: kriketi ni mchezo wa watu wenye suruali nyeupe na mtu wa kuwafulia.

Leo nina stashahada ya ufundi wa majokofu niliyoihangaikia Uingereza, nimerudi nyumbani na karakana yangu mwenyewe, na simwogopi mtu. Lakini siku ile niliumia. Wa rika langu mtanielewa.

Miaka ile ya tisini kriketi ilituingia damuni. Timu yetu ya taifa iliwaangusha magwiji wa Karibiani kwenye Kombe la Dunia, na kufikia asubuhi kila kinyozi wa Jogoo Road alikuwa mtaalamu. Baadaye kijana mdogo kutoka Pakistani akaja papa hapa Nairobi, akafikisha alama mia moja kabla githeri haijaiva. Tulijazana mlangoni kwa fundi redio tukibishana.

"Mia kama ile haijapigwa duniani!"

"Wacha zako! Na yule mfupi wa India, anayeupiga mpira kama anaubembeleza?"

"Kubembeleza ni kwa mtoto. Mimi nipe yule wa Sri Lanka. Yeye anaanza vita ova ya kwanza, wengine hawajafunga kamba za viatu."

Kila mmoja wetu alijichagulia shujaa, na jioni tukaenda kumwiga katika uchochoro kati ya nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji. Wiketi, vile vijiti anavyolinda mpigaji, ilikuwa debe la taka. Mpira tuliusokota kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Gongo langu lilichongwa na mjomba wangu Muthiani, mchonga vinyago, kutoka gogo la mjakaranda. Mjomba hakuwahi kuona mbao tupu akaiacha hivyo hivyo, kwa hiyo mgongoni alichonga twiga mzima, shingo ikipanda hadi kwenye mpini, kisha akaling'arisha kwa rangi ya viatu. Nilipomwambia kwamba magongo ya kwenye gazeti hayana wanyama, alinitazama kwa huruma. "Ndiyo maana huwa wanashindwa," akasema.

Sheria yetu kuu hamtaikuta katika kitabu chochote. Baba Njoroge, aliyeishi mwisho wa uchochoro, alikuwa mpishi wa zamu ya usiku hotelini mjini, na mchana alilala. Mpira ukitua juu ya paa lake, alitoka na kanga ya mkewe kiunoni, akauchukua, na mchezo ukaisha. Kwa hiyo tukapitisha: ukipiga juu ya paa, umekufa, unatoka. Hakuna rufaa. Ndivyo tulivyojifunza kupiga chini, mpira ukitambaa kama panya, ukipenya kati ya ndoo na miguu ya akina mama. Nitasema bila aibu: kwa kupiga chini, hakuna aliyenifikia kuanzia Mbotela hadi Kayole.

Basi mwalimu wetu wa michezo akatutafutia mechi na vijana wa klabu moja ng'ambo ya pili ya jiji. Kocha wao alisema atachukua kijana mmoja wa kwetu afanye mazoezi nao, bila malipo. Mmoja tu. Sikulala vizuri juma zima. Mama aliniambia, "Mwanangu, nafasi ni kama mgeni, haibishi hodi mara mbili," kisha akaniambia nikachote maji.

Baba Njoroge aliniazima suruali yake nyeupe ya jikoni, nikaikunja kiunoni mara kadhaa. Shati lilikuwa la kwaya, la kaka yangu. Viatu sikupata mpaka tulipofika uwanjani. Gitau alitangulia kupiga, akatolewa kwa mpira wa pili, akarudi akavua raba zake na kunirushia. "Chukua. Hazijachoka, hata kukimbia hazijakimbia."

Niliingia na twiga wangu. Vijana wa klabu walikuja kumtazama mmoja mmoja, wakacheka. Mrushaji wao, mrefu kama mlingoti wa bendera, akauliza kama anauma. Nikapiga chini, mpira ukatambaa hadi kwenye kamba ya mpaka. Alama nne. Nikapiga chini tena. Nne nyingine. Kicheko kikapungua. Ndipo akanirushia mpira mmoja mtamu, umekaa palepale moyo unapotaka, na mikono yangu ikasahau adabu. Mpira ukapaa, ukavuka kamba, ukagonga paa la nyumba ya klabu: pwaa!

Nikainamisha kichwa, nikalitia gongo kwapani na kuanza kutoka uwanjani. Machozi yalikuwa yameshafika. Nafasi ya maisha yangu, nami nimepiga paa!

Mwamuzi alikuwa ameinua mikono yote miwili juu, nami nikadhani ananisikitikia. Kisha nikasikia sauti kutoka kwenye benchi letu, sauti ya Gitau, amesimama peku, anapiga kelele hadi mishipa ya shingo inamtoka:

"Rudi, wewe! Rudi! Huku hakuna Baba Njoroge! Hiyo ni sita!"

Nikarudi. Na tangu hapo, waulizeni waliokuwapo, lile paa halikupumzika. Tulishinda, na kocha hakuuliza jina la mtu mwingine.

Watoto wa siku hizi hupiga mia moja kwa kidole gumba kwenye simu, wamelala kwenye kochi, na wakishindwa wanaanza upya. Wamenunuliwa kila kitu kikiwa kipya. Nawaonea wivu kidogo kwa viatu. Lakini sidhani wamewahi kuingia uwanjani wamevaa mtaa mzima.

Jumapili baada ya ibada nilizunguka Mbotela nikirudisha vya watu: shati la kwaya kwa kaka, raba kwa Gitau, aliyezipokea na kusema, "Sasa zimejua kazi." Suruali nilikuwa nimeifua na kuipiga pasi ya makaa, lakini doa la nyasi gotini lilikataa kutoka. Baba Njoroge aliipeleka mlangoni penye mwanga, akalitazama doa muda mrefu. Nikaanza kuomba radhi.

"Nyamaza," akasema, akiikunja kwa uangalifu. "Mkuu wangu wa jikoni akiniuliza usiku huu, nitamwambia hili si la mchuzi."