Msitu wa Haroub Wapigwa Ufagio

Haroub Kificho wa Kizimkazi aliula msitu kwa miaka mingi, si kwa meno bali kwa tanuri. Alikuwa mchoma chokaa, na tanuri la chokaa likianza kula kuni halijui kusema alhamdulillahi, nshashiba. Alipofika makamo akatubu. Kamati ya hifadhi ya kijiji ikampa kipande cha maweni, ardhi ya mawemawe, nyuma ya nyumba yake akioteshe upya: midaa, mikwaju, na uwanda wa majani ya asili kwa ajili ya vipepeo.

"Haroub kafuga magugu," majirani wakacheka. Mwenyewe kila asubuhi aliamkia miche kwa maneno matamu ambayo mkewe, Mardhiya, hajayasikia tangu fungate.

Siku ya ukaguzi ikafika. Kamati ingekuja alasiri, na ikikuta kipande kitupu ingekichukua. Tena yuko jamaa anayekitamani ajenge vyumba vya kulaza watalii.

Haroub akenda kisimani kuchota maji ya miche. Kurudi, akakuta ardhi inang'aa kama sinia la Idi. Katikati kasimama mama mkwe wake, Bi Mwanakheir, aliyeingia jana kutoka Nungwi, ufagio mkononi, uso umejaa fahari. Miche yote imelala pembeni, mizizi juu.

"Mwanangu, wageni waje wakute pori uani? Nshakusitiri."

Mama mkwe hagombezwi.

"Ahsante, mama," akasema kwa sauti ya mtu aliyekaliwa kifuani. "Ila wageni hawa... wanapenda pachafu."

"Ala! Wamelelewa na nani?"

Mardhiya alicheka mpaka kanga ikamvuka kichwani, kisha akamweleza mamaake: miche ile ndiyo msitu wenyewe, na bila hiyo kipande kinakwenda. Bi Mwanakheir akatupa ufagio. Sasa akachafua kwa bidii ile ile aliyosafishia: akarudisha miche mashimoni, akaimwagia maji, akatawanya majani makavu kwa pakacha, istighfari haimtoki mdomoni.

Kamati ikaja. Mwenyekiti, Bi Nadra, akashika mche uliolegea shingo. "Haroub, hii mbona kama imepandwa leo?"



"Mimi niliyeing'oa," Bi Mwanakheir akadakia, "na mimi niliyeirudisha. Siondoki hapa mpaka isimame. Rudini mwezi ujao mtazame!"

Bi Nadra akacheka, akawapa huo mwezi.

Kipande kikabaki kwa Haroub. Alitaka kushukuru, lakini macho yake yalikuwa kwenye mkoba wa mama mkwe unaoingizwa chumbani anamolala na Mardhiya, na mkeka wake yeye unaotolewa nje, akalale barazani mwezi mzima.