Kichwa Alichokinyoa Randu

Kijana yule mwanajeshi alikuwa akikaa kwenye kiti cha kinyozi Randu, pale mtaa wa Shika Adabu, Likoni, mgongo wima, mikono magotini kama anayepigwa picha ya pasipoti. Akiulizwa ya kambini hujibu, “Salama, kaka,” kisha huinamia simu, vidole mbio, akicheka peke yake. Randu, anayejiita redio ya Likoni, hakuambulia kwake hata taarifa ya hali ya hewa.

Juzi kijana kakamatwa, ati ndiye aliyeanika nyaraka za siri za jeshi mtandaoni kwa jina la bandia. Randu alipolisikia jina lenyewe, alizima mashine ya kunyolea. Wiki nzima alikuwa akibishana mtandaoni na mwenye jina hilo juu ya mambo ya jeshi, hadi yeye, redio nzima, akamwandikia: “Muongo we! Kama wajua kweli, weka karatasi tuone.”

Naye, mtiifu wa amri, akaweka.