Siku Mtani Aliposhika Usukani Wangu

Mimi si mtu wa kushtushwa. Nimelala chini ya malori Somanga nikiuza korosho za kukaanga kwa abiria wa mabasi, nimeibiwa, nimefilisika, nimeinuka. Shule niliiacha darasa la nne, na leo ufuta wa nusu ya Rutamba unapita kwenye mizani yangu. Kwa hiyo niliponunua mashua na kutangaza kwamba nitaipeleka mwenyewe kwa tanga kutoka Kilwa Masoko hadi Mafia, waliocheka niliwaacha wacheke. Usukani nilijifunza msimu mzima kule Sudi, kwa mvuvi niliyemlipa.

Siku ya kwanza tulikuwa tulale njiani, kisiwani Songosongo. Binti yangu ameolewa huko, na wakwe zake ni watu wa bahari tangu mababu. Maneno yalinifikia, kwamba kijana wao amechukua binti wa mchuuzi wa nchi kavu. Nilitaka kitu kimoja tu: wanione nikiingia kwao nimeshika usukani wangu kwa mkono wangu. Mke wangu alilijua hilo, mdogo wangu alilijua, na rafiki yangu wa tangu Somanga alilijua. Hao ndio niliowapakia.

Rafiki huyo ni Mmatumbi, mimi Mmwera, na tangu ujana tunaitana watani. Sasa mtani, ukipata kitu kipya bila kumpa chake, japo kuku, ana ruhusa ya kukiteka. Na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Unakikomboa kwa bei atakayotaja yeye. Mimi nilishamwambia wazi, "Mashua hii nimeitolea jasho. Kwangu hupati hata unyoya." Akacheka, akabeba mzigo wake akapanda. Nikajua yameisha.

Tuliondoka asubuhi, kusi inatusukuma mgongoni. Tulipovuka mwamba maji yaligeuka bluu nzito na mawimbi yakawa marefu, yanakuinua polepole na kukushusha polepole. Sikutapika. Mtani wangu, mtu wa milimani ambaye hajui hata kuogelea, alikumbatia mlingoti kama anaupenda. Chini ya shati nilivaa kizibao ambacho mke wangu alikishonea mfuko wa siri. Humo mlikuwa na fedha za safari, zile zilizobaki baada ya kununua kamba, mchele na mafuta, kwa hiyo hazikuwa kiasi cha mtu kubahatisha. Alizihesabu yeye, akazishonea yeye. Kiasi chake tulikijua wawili.

Adhuhuri nikamwachia mdogo wangu usukani, nikasogea mbele nikaswali kwa kukaa. Nilipotoa salamu kulia niliona maji. Nilipotoa kushoto nikamwona mtani amekaa mahali pangu, mkono juu ya usukani, na mdogo wangu yuko kwenye kamba ya tanga.

"Toka hapo."

"Nitoke niende wapi? Chombo changu hiki. Nimekiokota Kilwa, hakina mwenyewe, maana chenye mwenyewe mtani wake angekwisha kula kuku."

"Utatuzamisha, wewe. Kwenu hata dimbwi linawatisha."

"Na kwenu Rutamba kuna bandari, siyo?"

Nikamgeukia mdogo wangu. "Mwondoe huyu."

Akatazama tanga. "Kaka, huo utani. Mimi siuingilii." Kisha akamwambia yule, kwa sauti ya chini, "Vuta kwako kidogo, nahodha." Nahodha! Mimi ndiye niliyemsomesha yule kijana.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amejiziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika.

"Mama, na wewe?"

"Baba, kuku mmoja tu ungetoa," akasema. "Haya, maji yanajaa huku nyuma. Shika kopo."

Nikashika kopo. Ningefanya nini? Mtu akimkasirikia mtani, habari hufika kijijini kabla yake. Nikakumba maji hadi tunafika, nikisikia mdogo wangu akimwelekeza mtu wa milimani, kulia, kushoto, legeza, na mke wangu akiwamenyea machungwa. Hakuna aliyenimenyea mimi. Kilichoniuma ni jinsi walivyokuwa wepesi: hakuna aliyeuliza afanye nini. Walikwisha kuyapanga nyumbani kwangu, wakila wali wangu.

Songosongo walikuwa wamejaa ufukweni. Vigelegele. "Karibu, mwenye chombo!" Walikuwa wakimwambia yeye. Basi hata simu ilipigwa! Binti yangu akaingia majini hadi magotini, akanipita. "Shikamoo, nahodha," akamwambia mtani.

"Marahaba, mwanangu. Na huyu mkumba maji wangu mpe uji, amechoka."

Wakwe wakacheka hadi wakashikana. Mimi nimesimama na kopo mkononi.

"Haya, taja bei yako," nikamwambia mtani. Nilitegemea atataka mbuzi, au elfu hamsini, nami nilikuwa tayari kulipa mbele za watu nikitabasamu.

Hakufikiri hata kidogo. Alitaja kiasi chenye laki zake, elfu zake na mia zake, bila kukosea. Nikamgeukia mke wangu. Alikuwa akikung'uta mchanga kwenye khanga ambayo haikuwa na mchanga.

Nikavua shati mbele ya wakwe, nikavua kizibao, nikafumua uzi kwa meno, nikammiminia zote mkononi: shilingi laki tatu, elfu sabini na sita na mia tano.