Barabara Iliyomzunguka Mama Mdogo

Mwezi uliopita nilipata nafasi ya kukaa mbele kwenye lori la ufuta, tukishuka kutoka vilimani kuelekea Miteja. Dereva alikuwa mtu wa maneno mengi. Tulipofika katikati ya mteremko, akakanyaga breki na kuanza kulaani.

"Hebu tazama, bwana. Barabara imenyooka toka kule juu, halafu hapa inajipinda kama mtu mwenye tumbo. Hakuna mti, hakuna mwamba. Kona ya nini? Aliyeipima alikuwa amelewa!"

Nikamwomba asimame. Kando ya barabara niliona vigingi vipya vilivyopakwa chokaa, vimepangwa kukatiza ile kona kutoka juu hadi chini. Dereva akavifurahia. "Alhamdulillahi, wanainyoosha." Mimi nilishuka nikasimama pale kwenye majani, na miguu yangu ikakataa kurudi garini.

Nimezunguka sana, rafiki yangu. Nimekaa Lindi, nimekaa Tanga, nimelala katika miji ambayo hata jina sikuwahi kulijua vizuri. Barabara nyingi zimenipitisha, nami sikuziuliza kitu. Hii naijua. Nilikuwepo ilipopindwa, na nataka nikueleze wewe kabla hawajaifuta.

Utotoni mwangu hapakuwa na barabara hapo. Palikuwa na njia ya miguu iliyoshuka kilima kwa kukata pembeni, mara kulia, mara kushoto, kama mtu anayeteremka na mtoto mgongoni. Mizizi ya miti ilikuwa ngazi zake. Tuliishuka kwa msururu, mmoja nyuma ya mwenziwe, na aliyetangulia ndiye aliyekuwa macho ya wote, maana mwenye mzigo kichwani haoni nyayo zake. Akiona hatari, hupaza sauti: "Mzizi kushoto!" Wa pili hurudia, wa tatu hurudia, neno likaenda hadi kwa mtu wa mwisho kule juu kwenye ukungu. Asubuhi za siku za soko nilikuwa nikisikia neno moja likipanda kilima chote, kutoka sauti nene ya mjomba hadi sauti nyembamba za wasichana. Tulizoea hivyo mpaka tukawa tunafanya hata kwenye sinia. Tukila ugali wa mtama kwa kambale, mtoto wa kwanza kuuma mwiba hupiga kelele, "Mwiba mbele!" na sisi wengine tukaitikia mpaka bibi atutishe na mwiko.

Kisha serikali ya Wajerumani ikataka pamba, na pamba ikataka barabara ya kuipeleka Kivinje. Wakaja na kamba. Wakaifunga kwenye mti juu ya kilima, wakaivuta hadi bondeni, na mnyapara akatuambia, "Palipopita kamba ndipo itakapopita barabara." Wazee wetu waliichimba wao wenyewe, kiboko kikiwa nyuma yao. Waling'oa kila mzizi, wakatupa kila jiwe, wakashindilia udongo mwekundu hadi ukang'aa. Njia ya zamani ikazibwa kwa miiba. Akida, mtu wa pwani aliyewekwa atusimamie, aliipenda mno barabara ile. Akisimama juu na mwavuli wake aliona watu wote mpaka chini, hapana aliyeweza kutua mzigo kupumzika.

Ilikuwa pana, na upana wake ndio uliotuharibia. Msururu ulivunjika. Watu walishuka wawili wawili, watatu watatu, kila mtu na haraka yake, na hapakuwa tena na wa mbele wala wa nyuma. Zile sauti zikafa. Kiangazi, kokoto ziliviringika chini ya nyayo kama kunde zilizomwagika. Mvua ikinyesha, maji hayakuwa na pa kwenda isipokuwa kufuata barabara yenyewe, toka juu hadi chini, nayo ikateleza kama sabuni.

Mama mdogo alianguka mvua za kwanza za vuli. Alikuwa msichana wa kicheko, aliyenifundisha kuamia ndege shambani kwa kombeo na kunigawia makopa ya muhogo aliyoyaficha kwenye pindo la nguo. Alibeba furushi la pamba lililokuwa kubwa kuliko yeye. Hapakuwa na mtu mbele yake wa kumwambia "Utelezi!" Waliomfikia walimkuta amelala katikati ya mteremko, pamba imetapakaa kwenye tope, na shingo yake haikuwa sawa.

Kwetu, mahali alipofia mtu njiani hapapitwi mikono mitupu. Unaokota jiwe, au unavunja tawi, unaliweka pale, unasema, "Lala, tunapita." Bibi yangu, mama yake marehemu, ndiye aliyeweka jiwe la kwanza. Aliliweka palepale, katikati ya barabara ya serikali. Siku hiyohiyo mnyapara akaja kusema kwamba mzigo wa marehemu sasa utabebwa na dada yake. Dada yake ndiye mama yangu.

Nakumbuka bibi alivyoacha kutwanga. Akamtazama mama, akatazama kule mteremkoni, akasema, "Huyu hawampati." Tangu siku hiyo, wanawake wa vijiji vyote vya kilimani wakawa wanapita na mawe. Wengine waliyatoa mbali, wameyafunga kwenye kanga pamoja na chumvi. Sisi watoto tulijaza vikapu. Rundo likafika magotini, likafika kiunoni.

Akida alipoliona akaja nyumbani kwetu, amefura.

"Wewe kizee, unaziba njia ya serikali!"

"Marahaba, mwanangu," bibi akajibu, ingawa hakuamkiwa.

Wanawake waliokuwa wakichambua pamba wakaziba vinywa. Akida akapandisha sauti. "Nasema yale mawe yaondoke!"

"Mawe ni ya mwanangu. Wewe una miguu. Zunguka."

"Nitakuchapa viboko hadharani!"

"Nichape. Ukimaliza, okota jiwe kabla ya kupita. Mwanangu hajui wewe ni akida."

Alichapwa. Nilihesabiwa mtoto, nikaambiwa niangalie pembeni, lakini nilisikia, na sikumsikia akilia. Mawe yakaondolewa na mnyapara, yakatupwa porini. Siku ya soko iliyofuata wanawake waliingia porini, wakatoka nayo. Yakatupwa tena. Yakarudi tena. Na kila asubuhi ya mizigo bibi alikuwa akimshika mama mkono mpaka ukingo wa kilima, anasimama hapo hadi amwone amefika bondeni mzima.

Masika yakafika. Rundo lilikuwa limetoka kuondolewa na barabara ilikuwa safi, akida akajisifu kwamba sasa hata punda wake atapita kama bibi harusi. Punda yule alikuwa mweupe, wa kutoka Unguja. Tulikuwa chini kidogo na mizigo yetu ya mtama alipoanza kushuka. Punda alipiga hatua mahali pale pale, miguu ya mbele ikaondoka, na akida akaja akiteleza kwa makalio kwenye ule mto wa tope, kanzu yake nyeupe imemfunika uso, mwavuli unamtangulia. Alisimama alipogonga mguu wa shangazi.

"Pole, bwana akida," shangazi akasema, mzigo ukiwa bado kichwani. "Barabara yako imekusalimu."

Hatukuthubutu kucheka. Tulicheka hata hivyo. Yeye hakutugeukia. Alikuwa anajishika shingo, anaipapasa kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Kisha akapanda polepole, kwa mikono na magoti, hadi pale alipoangukia. Akaokota jiwe. Akaliweka katikati. Midomo ilimchezacheza, na sikusikia alichosema, ila mama alikuwa karibu naye, na aliapa mpaka kufa kwake kwamba alisikia, "Lala."

Tangu siku ile hakuna aliyeligusa tena rundo. Likakua mpaka likawa refu kuliko mimi. Watu wakalazimika kupinda, na kwa kupinda wakalazimika kupunguza mwendo na kufuatana tena, mmoja nyuma ya mwenziwe. Sauti zikarudi. "Rundo mbele, shika kushoto!" Maji nayo yakifika hapo yalipasuka, yakaingia porini, na chini yake udongo ukabaki mkavu. Nisikudanganye kwamba bibi alikuwa amepiga hesabu ya maji. Alikuwa na uchungu tu, na hakutaka mtoto wake akanyagwe.

Kiangazi kile maji ya uganga yakapita vijijini, watu wakawainukia Wajerumani, wakang'oa pamba, na akida akakimbilia pwani. Askari waliokuja baada yake hawakuwa watu wa kugeuka moyo kama yeye. Walichoma maghala, njaa ikaingia, ikamchukua bibi na nusu ya kijiji chake. Lakini askari wale, na bunduki zao, na magari yao ya kusukuma, walipofika kwenye rundo walizunguka. Wote walizunguka, hata wasiojua ni la nani. Mama alishuka mteremko ule mpaka nywele zikawa nyeupe, akafa kitandani kwake.

Leo hayupo mtu pale kilimani. Mawe yenyewe wameyachukua kujengea daraja, na hakuna anayepaza sauti kwa aliye nyuma yake. Magari yana honi, na honi husema "Niondokee," haisemi "Angalia mguu wako." Kilichobaki ni ile kona.

Nilitafuta jiwe kando ya barabara, nikalipata moja la kujaa mikono miwili. Niliking'oa kigingi cha katikati, nikaliweka juu ya tundu lake. Nikasema nilichofundishwa kusema.

Dereva alikuwa akipiga honi. Niliporudi akanitazama mikono yenye udongo, akacheka. "Na wewe, mzee mzima! Jiwe moja litamzuia nani?"

"Bibi yangu naye alianza na moja," nikamwambia. "Twende. Ukirudi Alhamisi, pitia na lako."